Mashine Haina Mdomo

…siku nane, barua imekaa siku nane kwenye kapu la taka la barua pepe, katikati ya tangazo la viatu na mtu anayenipongeza kwa kushinda gari katika bahati nasibu ambayo sijawahi kuicheza, na nimeifungua sasa hivi tu, kwa uchovu wa kukaa kwenye benchi hili la hospitali, kwa kutafuta cha kusoma wakati mama anasubiri namba yake iitwe, na sasa naisoma mara ya nne, au ya tano, Habari za kazi, anaandika, mimi ni mwalimu mstaafu, najifunza kuandika programu uzeeni ili akili isilale, nimeiona kazi yako uliyoiweka hadharani mtandaoni, ni safi, hongera sana, ila kwenye faili la mipangilio, mstari wa kumi na nne, nimeona anwani ya hifadhidata pamoja na jina la kuingilia na neno la siri, vyote viko wazi, sijajaribu kuingia, Mungu ni shahidi, lakini kama mimi mwanafunzi wa juzi nimeviona, wanaojua watakuwa wameviona zamani, samahani kwa usumbufu… samahani kwa usumbufu, yeye ndiye anayeomba samahani, mzee wa watu, na tarehe iko pale juu, siku nane, na kazi yenyewe niliiweka hadharani wiki mbili kabla ya hapo, jumla wiki tatu na siku moja, niliiweka ili kampuni ile niliyoomba kazi ipate kuona ninavyoandika, nilitaka wanione, basi nimeonekana, nimeonekana mpaka utumbo, na mama ananigusa goti, Chiriku, anasema, ile ni hamsini na saba au hamsini na moja, macho yangu haya, nami nasema hamsini na saba mama, sisi sitini na tatu, bado sita, na sauti inatoka sawasawa kabisa, sauti ya mtu anayesoma namba ukutani, wakati mstari wa kumi na nne naujua, niliuandika mimi kwa vidole hivi, na neno la siri lililomo ni chiriku, herufi ndogo, na 2 mwishoni, jina hilihili ambalo mama ameniita tangu nikiwa na miaka mitatu kwa sababu sikuwa na breki mdomoni, na ambalo amelitamka sasa hivi kwa sauti mbele ya watu sitini, na nimegeuka kutazama nani amesikia, kama mwehu, kama vile bado kuna wa kufichwa.

Dirisha namba mbili karani anagonga kibodi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, anamwambia mzee aliyesimama mbele yake, subiri kidogo baba, inatafuta, mfumo leo mzito, na mzee anajibu, itafute tu mwanangu, mimi sina pa kwenda, na watu wa benchi la mbele wanacheka, na mimi sicheki, inatafuta… najua inavyotafuta, nimeijenga mimi, karani akigonga jina programu yangu inakwenda mpaka kwenye seva, ile kompyuta kuu iliyoko chumba cha nyuma, inabisha hodi, inasema mimi ni fulani na neno langu la siri ni hili, hifadhidata inafungua, inatoa kila kitu, jina, umri, simu, maradhi, dawa, majibu ya vipimo, watu elfu kumi na moja na ushei, na siku zote nilijiambia kile chumba hakina dirisha, kina mlango wa chuma na mlinzi asiyecheka na mtu, nani atapita, kumbe wa kupita hana haja na mlango wa chuma, kwa sababu mwaka jana nilipougua mafua niliifungulia seva njia ya nje ya mtandao ili nifanye kazi nikiwa kitandani, wiki moja tu, nilisema, mafua yakaisha, njia ikabaki, na njia yenyewe sikuifumba, maneno yanapita humo kama barua isiyo na bahasha, anayesimama njiani anasoma, na jina la kuingilia nililoipa programu si la mhudumu mwenye ruhusa ya kazi yake basi, ni la mwenye nyumba, anayeweza kusoma yote, kubadili yote, kufuta yote, nililitumia hilo kwa kuwa lilikubali mara moja na siku ile nilikuwa na haraka… na Komeo alinikataza. Komeo, ndivyo tulivyomwita yule fundi mkuu aliyenifunza kazi, kwa sababu hakuwa akipita mlango bila kuutikisa kuona kama umefungwa, hata wa chooni, tulimcheka mpaka machozi, alikuwa akisema programu ni mgeni kwenye nyumba ya data, mgeni mwonyeshe sebule, usimpe funguo zote, na huo mmoja utakaompa usiushone kwenye nguo yake, uweke pembeni, auchukue akiamka, ili siku ukigawa nguo usigawe na ufunguo, nikasema sawa bosi, nikasema nitafanya baada ya uzinduzi, na uzinduzi ukaja, watu wakapiga makofi, na siku anahamia kazi nyingine, amekumbatia sanduku lake la vitabu, akasimama mlangoni kwangu akauliza, yale mambo ya neno la siri umeyahamisha? nikasema tayari. Tayari, nilisema, hata mate sikumeza, naye akanipa mkono akasema, basi sasa nitalala.

Lakini hebu nitulie, pumua, hakuna aliyekufa, jioni nikimfikisha mama nyumbani nafungua kompyuta, naingia kwa njia ileile, nabadilisha neno la siri, nafunga njia ya nje, nalifuta lile faili mtandaoni, ingawa kufuta faili hakutoshi, mahali pale panatunza hata kilichofutwa, anayejua kurudi nyuma anakikuta, basi naifuta kazi nzima, saa moja, saa moja na nusu, kesho asubuhi makarani wanafungua madirisha, mfumo unakwenda, tena mwepesi kuliko leo, nani atajua, mwalimu mstaafu hanijui, nitamwandikia asante mwalimu, ilikuwa data ya majaribio tu, na ataamini, mtu anayeomba samahani kwa kukuokoa ataamini… na kama kuna aliyeingia? Kama aliingia aliingia, maji yakimwagika hayazoleki, kumwambia mtu kwamba huenda mambo yake yamesomwa kunamsaidia nini zaidi ya kumnyima usingizi, kunyamaza nako ni huruma, si ndiyo, na naona fikra hii inavyoteleza vizuri, laini kama sabuni, nainua simu nianze kumwandikia mwalimu ule uongo, Asante mwalimu, ile ilikuwa… na mama anasogea karibu, bega lake kwenye bega langu, anasema chini chini akitazama mbele, tukiingia kwa daktari usije ukashtuka. Nishtuke nini, mama. Akisema tano, anasema. Tano nini. Mimba, anasema, akinisomea pale atasema mama wa mimba tano, maana ndivyo nilivyoandikisha, sasa usije ukadakia kama kawaida yako ukasema hapana daktari, ni nne… na kichwa kinahesabu chenyewe, kaka, mimi, mdogo wangu, na yule mchanga aliyeishi siku mbili ambaye tunamwombea kila mwaka, nne, ni nne mama, nasema, na anasema ndiyo, mnazozijua. Mnazozijua. Anatoa kitambaa mkobani, anafuta ukingo wa benchi usio na vumbi, anasema wa kwanza hamkumjua, wala baba yenu hakumjua, nilikuwa na miaka kumi na saba, nikapelekwa kwa shangazi nikajifungulie huko, bibi yenu akampa watu wengine wamlee akiwa na siku tisa, nikarudi nyumbani kama niliyetoka likizo, na hakuna aliyeuliza, miaka arobaini na mbili, hata mama yenu mdogo hajui. Sasa kwa nini umeandikisha, nasema, na inatoka kwa ukali nisioukusudia, na ananitazama kidogo, anasema si mashine iligoma, mwezi uliopita nilipoleta hii shida ya damu, karani akauliza mimba ngapi, nikamwambia ruka hapo, akasema hairuki mama, inaandika nyekundu, nikataka kusema nne, halafu nikafikiri, hii ni hospitali, mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa watano, anacheka kwa puani, ya nini kumdanganya daktari halafu akosee dawa, nikamnong'oneza karani, tano, naye akaniambia usiwe na wasiwasi mama, mashine haina mdomo.

Mashine haina mdomo… na ile nyekundu ni yangu. Daktari wa wanawake alisema idadi ya mimba ni muhimu, isiachwe tupu, nami nikaandika sharti, sehemu hii lazima ijazwe, nikachagua na rangi, niliipenda rangi ile, kwa hiyo ni mimi niliyembana mama yangu pale dirishani, mimi niliyemtoa siri ambayo baba hakuitoa, wala ndugu, wala uchungu wa kutuzaa sisi, nikaichukua, nikaipanga kwenye safu yake, jina, umri, simu, mimba tano, kisha nikaanika ufunguo nje na kusema tazameni ninavyoijua kazi, na mwezi uliopita ni kabla ya zile wiki tatu, ina maana yumo, mama yumo, nilikuwa nasema elfu kumi na moja kama mtu anayehesabu magunia na kumbe humo yumo mama, na kaka yangu, ambaye kila kikao cha ukoo husimama akakohoa akasema mimi kama kifungua mimba wa nyumba hii, maskini kaka, hajui, na mtu yeyote popote duniani, anakula huku anasoma, anaweza kuwa anajua… na yule mzee wa dirisha la pili naye ana lake, na mwenye mtoto mgongoni, na binti aliyejifunika mpaka puani, kila mmoja aliinama kwenye tundu la kioo akanong'ona kitu, na mimi jioni ningefuta nyayo na kuiita huruma. Ningemwambia mwalimu ni majaribio. Mama ni majaribio. Naufuta ule uongo herufi moja moja mpaka simu inabaki nyeupe, nasimama, mama anauliza, chooni? nasema hapana, napiga simu kidogo, anaweka mkoba wake juu ya nafasi yangu isije ikachukuliwa, na hatua tano za kufika ukutani zina urefu wa uwanja, nampigia mkuu wa kumbukumbu wa hospitali hii, Bi Faili, makarani wanamwita hivyo kisirisiri, mama wa makamo aliyeupinga mfumo tangu siku ya kwanza, aliyesimama kwenye kikao akasema karatasi ikiibwa lazima mwizi aje kwa miguu yake mwenyewe, nasi tukagunaguna, tukasema huyu naye, na simu inaita, inaita, natamani isipokelewe, isipopokelewa nitaweza kusema nilijaribu… Sema, anasema. Shikamoo mkuu. Marahaba, sema, nina watu. Na yale maneno niliyoyapanga, kumejitokeza changamoto ndogo ya kiusalama, yote yananikimbia, nasema mkuu, neno la siri la hifadhidata limekuwa wazi mtandaoni wiki tatu, mtu yeyote angeweza kuingia akasoma. Nilikuwa nasikia stepla ikibana karatasi, sasa haibani. Wazi kwa nani, anasema. Kwa dunia nzima. Nani aliliacha. Mimi. Naiona kazi yangu ikikusanya vitu vyake polepole, kikombe, kalenda, chaja, na nangoja matusi, nangoja aseme nilisema mimi, nilisema, lakini anauliza tu, unataka nifunge madirisha, nina watu sitini nje. Najua, mimi ni mmoja wao, nasema, usifunge, mwambie fundi wa seva achomoe waya wa nje tu, ule unaokwenda kwenye mtandao, madirisha yataendelea kwa nyaya za ndani, mchana watu wakipungua nitabadilisha neno la siri na kuipa programu jina lake lenye ruhusa ndogo, na asifute kitu chochote, kuna daftari humo kwenye seva linaloandika kila aliyeingia na saa aliyoingia, hilo tulisome na mtu mwingine akiwepo, nisilisome peke yangu. Na wagonjwa, anasema. Waambiwe, nasema, hata kama daftari halionyeshi kitu. Unaelewa unachokisema? Naelewa. Anashusha pumzi, sijui ni hasira au ni uchovu, namsikia akimwambia mtu, wewe, acha hiyo, nenda chumba cha seva, waya wa nje, ndiyo, sasa hivi, halafu ananirudia, anasema kabla ya saa sita uwe umeniandikia, kwa ukamilifu, na usiniandikie ilitokea, andika niliacha. Ndiyo mkuu. Na anakata, na nabaki nimeshika simu sikioni kama mtu anayesikiliza, kwa sababu nikiishusha itabidi nigeuke.

Nageuka, na chumba ni kilekile, ukutani bado hamsini na saba, mzee bado kasimama, karani bado anamwambia inatafuta baba, mtoto wa mgongoni amelala na mdomo wazi, hakuna anayejua kwamba nyuma ya ukuta huu mtu anatembea kwenda kuchomoa waya, wala mimi sijatulia, nisijidanganye, sijui daftari litasema nini, huenda halina kitu, huenda limejaa wageni kutoka miji nisiyoijua hata kuitamka, sijui majibu ya mama yatasemaje, sijui kama wiki ijayo nitakuwa na kazi, na ile kampuni niliyotaka inione nisingependa tena inione… lakini hofu imehama mahali, muda ule ilikuwa inanisukuma nitafute pa kujificha, sasa inanisukuma kwenye benchi, kwa sababu kuna mtu mmoja anayetakiwa kusikia haya kabla barua ya hospitali haijamfikia, na asiyasikie kwa karani, wala kwa kaka, ayasikie kwa mdomo wangu ambao siku zote umekuwa mwepesi kwa yasiyo na maana, na sijui nitaanzia wapi, hifadhidata ni nini kwa mama, nitamwambia ni kabati, mama, nililitengeneza mimi, na nikaacha… naketi, mama anauondoa mkoba, anauliza, kazini? nasema kazini, anasema watu hawa hawakuachi hata upumue, kisha anakikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, na usoni ana kitu ambacho sijawahi kukiona kwake, wepesi fulani, kama mtu aliyetua mzigo na shingo bado haijaamini, anasema alikuwa wa kike, yule, alikuwa na nywele nyingi, wakamchukua hawakuniuliza jina lakini mimi nilikuwa nimeshampa, kimoyomoyo, sijawahi kulitamka kwa mtu, ngoja nikuambie… na nalitaka jina hilo kuliko kitu chochote, nina dada, mahali fulani nina dada wa miaka arobaini na mbili, na naushika mkono wa mama wenye kitambaa, naubana, nasema hapana mama, usinitajie bado, kwanza nisikilize mimi.